Usingizi Ni Mali ya Nani?

Safari hii twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya jambo ambalo kila mtu hulifanya kila siku, wala wengi hawalifikiri, nalo ni kulala. Swali letu ni hili: Usingizi ni mali ya nani? Je, ni mali ya mwenye kulala peke yake, naye akiukosa ni shauri lake? Ama jirani yake naye ana fungu ndani yake?

Pengine mtu atasema kwamba swali hili ni la kitoto. Nasi tulidhani hivyo, hata siku tulipoonywa na mwanamke mmoja wa upande wa Kilambo, ambaye hakutamka neno la kutuonya hata moja.

Wasioijua Kilambo na waijue hivi: iko kusini ya Mtwara, mahali ambapo mto Ruvuma unakaribia kuingia baharini, na nchi ya Msumbiji iko ng'ambo. Maji ya mto pale hufuata bahari, hujaa na kupwa, na wenye kuvuka huyatazama maji kabla ya kuitazama saa. Bonde la mto ni zuri kwa mpunga, walakini lina wenyeji wengine. Viboko hutoka majini usiku kutafuta malisho, na nguruwe mwitu hutoka vichakani. Kwa hiyo mpunga ukianza kuzaa, watu hujenga madungu, yaani vichanja vya miti vyenye paa la nyasi, nao hukesha huko wakichochea moto na kupiga debe. Kukipambazuka, ndege nao huja kwa makundi, na yule yule aliyekesha huanza kuamia.

Katika ibada ya upande ule mwanamke mmoja alikuwa akilala. Hakusinzia kwa siri kama wafanyavyo wengine wetu, wakifumba macho kana kwamba wanaomba. Alilala kabisa, kichwa kikiegemea ukuta, na mtoto yu mgongoni. Ikawa hivyo Jumapili tatu. Jumapili ya tatu tulikatiza mahubiri, tukamwita kwa jina lake mbele ya watu wote, tukamkumbusha habari ya wanafunzi walioshindwa kukesha saa moja na Bwana wao. Watu wakacheka. Yeye akaondoka pale ukutani, akasema, "Nisameheni, baba," akabaki amesimama hata mwisho wa ibada, ili usingizi usimpate tena. Nasi tulirudi tukiona kwamba tumefanya kazi njema.

Tulipokuwa njiani mzee mmoja wa kanisa alitufuata, akatuambia kwa upole: "Mwalimu, mume wa yule mama yu kitandani tangu masika. Juma la tatu sasa mama huyu yuko dunguni usiku kucha. Shamba lake ni la mwisho kando ya mto. Kiboko akitoka majini huanzia kwake. Sisi wenye mashamba ya nyuma twalala kwa sababu yeye yu macho." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, macho yake yakiwa chini: "Na langu mimi liko nyuma ya lake."

Tulikwenda kumwomba radhi. Alitutandikia mkeka, akatupa maji, akasema kwamba yamekwisha. Kwake yalikwisha, kwetu hayakwisha, kwani tulianza kujiuliza ni mara ngapi tumewahukumu watu kwa usingizi wao, wala hatukuuliza waliupoteza wapi, na ni nani aliyeuokota.

Kwanza na tujue usingizi ni nini. Watu wengi hudhani kwamba aliyelala ni kama taa iliyozimwa. Sivyo. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza jambo waliloliona kwa kuwachunguza watu waliolala: mara kadha wa kadha katika usiku mmoja macho hukimbia huku na huku chini ya kope, na mtu akiamshwa wakati huo, mara nyingi husimulia ndoto. Hivyo ilijulikana kwamba usingizi una safari yake. Kwanza ni mwepesi, kisha mzito, kisha ule wa ndoto, na mzunguko mmoja huchukua kama dakika 90, ukarudiwa mara nne au tano hata asubuhi. Usingizi mzito ni mwingi mwanzo wa usiku, ndipo mwili wa mtoto hutoa kwa wingi homoni ya kumkuza; ule wa ndoto ni mwingi karibu na mapambazuko. Basi mtu aamshwaye kila mara hakupunguziwa saa tu, bali safari yake imekatwa, kama mtumbwi urudishwao pwani kila ufikapo katikati ya mto.

Tena mwili una saa yake. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa tuzo ya Nobel ya tiba kwa sababu walichunguza visubi wadogo wa matunda, wakaonyesha jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe za mwili. Kwa mwanadamu saa kubwa imo katika ubongo, juu kidogo ya mahali ambapo mishipa ya macho hupishana, nayo hurekebishwa na nuru. Giza likiingia, mwili hutoa homoni iitwayo melatonini, ambayo huutangazia usiku. Nuru kali ikiyapiga macho, tangazo hilo huchelewa. Watu wa Kilambo watalielewa neno hili upesi kuliko wengine, maana usingizi nao una maji ya kujaa na maji ya kupwa. Aliyekesha akitaka kulala mchana ni kama mtu avukaye wakati wa maji kupwa: huenda atafika, lakini kwa kuusukuma mtumbwi juu ya mchanga.

Wataalamu wa usingizi husema kwamba mtu mzima ahitaji saa 7 au zaidi kila usiku, mtoto wa miaka 6 hata 12 ahitaji saa 9 hata 12, na kijana wa miaka 13 hata 18 ahitaji saa 8 hata 10. Anayepunguziwa siku nyingi huwa mwepesi wa hasira na mzito wa kukumbuka, na mwili wake hupungukiwa na nguvu za kupigana na magonjwa. Mwaka 1997 wataalamu wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi ya mkono na macho kama mtu aliyekunywa pombe hata kiasi cha 0.05 kwa mia katika damu yake. Mlevi tungemkataza asiendeshe gari wala asishike usukani wa chombo. Aliyekesha twamsifu kwa bidii yake, tukapanda nyuma yake pamoja na watoto wetu.

Hapo mtu ataleta neno la Mithali, sura ya 6, ambapo mvivu hupelekwa kwa chungu ili ajifunze. Je, hakuna uvivu tena? Uvivu upo, nasi hatuufichi. Lakini tuutazame vema. Kosa la mvivu si kwamba mwili wake wataka kulala, maana Mungu ndiye aliyeuumba hivyo. Kosa lake ni kuuacha mzigo wake chini ili mwingine aubebe. Tukipima kwa kipimo hicho, ni nani aliyekuwa mvivu katika ibada ile? Ni yule aliyelala baada ya kulilinda bonde zima, au ni wale waliolala vizuri nyumbani kwao, kisha wakamcheka?

Tena, si kila alalaye mchana alikesha kwa kazi. Wengine ni wagonjwa. Yuko akoromaye kwa nguvu, kisha pumzi hukatika, kisha huvuta hewa kwa kushtuka, mara nyingi usiku, kwa kuwa njia ya koo yake huziba. Huyo alala saa nane akaamka amechoka, naye yampasa kwenda hospitali. Uko na ugonjwa wa malale, uletwao na vimelea viingizwavyo na mbung'o. Ugonjwa huu ukifika katika ubongo huvuruga saa ya mwili, hata mgonjwa husinzia mchana na kukosa usingizi usiku. Katika Uganda, tangu mwaka 1900 hivi hata 1920, uliua watu zaidi ya 200,000. Na tukumbuke kwamba waganga wa Ulaya katika karne ya 19 waliuita ugonjwa huo utepetevu wa watu weusi. Mwaka 1903 ndipo David Bruce alipoonyesha huko Uganda kwamba mbung'o ndiye auenezaye. Watu walikuwa wakifa, na jina walilopewa lilikuwa karibu na uvivu. Hukumu ya haraka juu ya usingizi wa mtu si kosa dogo, wala si kosa la mataifa mengine tu. Nasi tulilifanya chini ya paa la nyumba ya ibada.

Sasa tulirudie swali letu. Twasema kwamba usingizi si mali ya mtu mmoja, na ushahidi tunao hapa hapa Tanzania. Karibu na Ziwa Eyasi wako Wahadzabe, watu wa kuwinda na kuchimba mizizi. David Samson na wenzake, miongoni mwao mtaalamu Mtanzania Audax Mabulla, waliwavika watu wazima 33 vyombo vidogo mkononi, vya kuonyesha ni saa gani mtu amelala na ni saa gani yu macho. Habari zao zilitolewa mwaka 2017. Kwa muda wa siku 20, katika saa zaidi ya 220 za usiku, walikuta dakika 18 tu ambazo watu wote walikuwa wamelala usingizi mmoja kwa pamoja. Wakati mwingine wote palikuwa na mtu aliye macho, au asinziaye kidogo tu. Kwa kadiri, zaidi ya theluthi moja yao. Wala hawakuweka walinzi. Vijana walichelewa kulala, wazee waliamka mapema, huyu aliamka kwa mtoto, yule kwa moto, na hivyo kambi ikalindwa.

Ndugu zetu wazee, mnaolalamika kwamba saa tisa za usiku macho hufunguka yenyewe, sikieni habari hii mfarijike. Huenda kuamka kwenu si hasara tupu. Huenda ni zamu ambayo Muumba aliigawa tangu zamani, ili wadogo walale.

Basi kulala ni kujiweka mkononi mwa wengine. Mtu mwenye nguvu kuliko wote kijijini, akilala, hana nguvu kuliko mtoto mchanga. Ndiyo sababu usingizi hauwezi kukaa pamoja na hofu. Watu wa mto Ruvuma walifundishwa jambo hilo kwa machozi. Tarehe 14 Oktoba 2020 watu wenye silaha waliotoka upande wa Msumbiji walikishambulia kijiji cha Kitaya, wakaua watu na kuchoma nyumba. Na tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma, ulio ng'ambo ya pili, ulishambuliwa, na watu maelfu wakaukimbia. Mtu aliyepitia mambo kama hayo aweza kurudi nyumbani kwake, akafunga mlango na komeo, akalala juu ya kitanda chake kile kile, na usingizi usije. Twamwambia kwamba vita vimepita. Mwili wake haujasadiki. Huyo hahitaji kukaripiwa. Ahitaji jirani wa kuketi naye jioni, na akizidi kuteseka apelekwe kwa mganga wa hospitali, maana hiyo nayo ni jeraha, ijapokuwa haitoki damu.

Pia hofu yaweza kuzaliwa ndani ya usingizi wenyewe. Wengi wenu mmewahi kuonewa na jinamizi: mtu huamka, huona chumba chake, lakini hawezi kuinua mkono wala kupiga kelele, na kifua ni kizito kana kwamba kuna aliyemkalia. Maelezo yake ni haya. Katika usingizi wa ndoto Mungu ameifunga misuli yetu, ili tusisimame tukapigana na vitu tuvionavyo ndotoni. Pengine akili hutangulia kuamka kabla misuli haijafunguliwa. Hapo mtu huwa macho na bado yumo ndotoni. Jambo hilo hudumu kitambo kidogo, likapita, na mara nyingi humjia aliyechoka na kukosa usingizi. Lakini mwaka 1995 huko Pemba na Unguja ilienea hofu ya pepo aitwaye Popobawa, aliyesemwa kuwaelemea watu usiku, na wako wataalamu wasemao kwamba jinamizi la namna hii lilikuwa chanzo kimoja cha hofu ile. Watu walitoka majumbani, wakalala nje kwa makundi wakizunguka moto. Katika jambo hilo walifanya vema, maana walilindana. Walakini katika mji wa Unguja kundi la watu lilimkamata mtu mwenye ugonjwa wa akili, wakidhani ndiye, wakamwua. Mioto ile ile ya hofu yaweza kumpa mtu jirani, yaweza pia kumwua jirani. Nasi huku Bara hatuna haki ya kuwacheka watu wa visiwani. Ni mara ngapi mtu ameamka na jinamizi, na asubuhi akamtaja bibi kizee wa nyumba ya pili kuwa mchawi?

Maandiko nayo yanasema nini? Tumezoea kuyatafuta kwa ajili ya kumkaripia mwenye kulala, tukaziruka sura nyingine. Katika Kutoka, sura ya 22, aliyetwaa vazi la maskini liwe rehani aamriwa amrudishie kabla ya jua kutua, kwa sababu ndilo la kujifunika, naye atalala katika nini? Hapo Mungu mwenyewe ameweka sheria juu ya usingizi wa mtu mwingine. Deni ni halali, rehani ni halali, lakini usingizi wa mdaiwa hauwekwi rehani. Katika Mwanzo, sura ya 31, Yakobo ahesabu mbele ya Labani yote aliyotoa katika miaka 20 ya utumishi, na katika hesabu hiyo autia na usingizi uliomkimbia. Eliya alipochoka hata kutaka kufa, katika 1 Wafalme, sura ya 19, hakuletewa maonyo kwanza. Aliachwa alale, akaamshwa ale, akaachwa alale tena, na neno likamjia baadaye. Naye kijana Eutiko, katika Matendo, sura ya 20, alisinzia dirishani Paulo alipoendelea kunena hata usiku wa manane, akaanguka. Hatusomi kwamba Paulo alimkemea. Twasoma kwamba alishuka, akamkumbatia. Tungalisoma sura hiyo kwa moyo kabla ya Jumapili ile, tungalishuka na sisi.

Dk. Martin Luther naye, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, baada ya sala ya jioni, amwagiza Mkristo alale mara moja, tena kwa furaha. Wakatekista wengi huwakaririsha watoto sala, wakaliacha agizo hilo. Lakini nalo ni imani. Alalaye kwa furaha akiri kwamba ulimwengu waweza kwenda bila yeye kuushika mpaka asubuhi.

Kwa hiyo twajibu hivi. Usingizi ni mali ya Mungu, nao hupita mikononi mwa jirani kabla ya kutufikia. Tukiuharibu usingizi wa jirani, twaudhuru mwili wake, na hiyo ni habari ya amri ya tano. Tukiuchukua ili tuongeze wetu, bila malipo wala shukrani, hiyo ni habari ya amri ya saba. Na tukimwita mvivu yule aliyekesha kwa ajili yetu, hiyo ni habari ya amri ya nane.

Yafuatayo twayaweka mbele yenu myapime.

Kwanza, katika nyumba. Ni nani alalaye mwisho na kuamka kwanza? Karibu kila nyumba jibu ni mama, au msichana wa kazi. Baba na vijana wachukue sehemu ya kazi za jioni na za alfajiri, ili saa zigawanyike kwa haki. Mahali pa kulala pawe na giza na utulivu kwa kadiri iwezekanavyo, na kila mmoja alale ndani ya chandarua chenye dawa, maana mbu wa malaria hupenda kuuma usiku. Kahawa na chai nzito zisinywewe jioni sana. Simu iwekwe mbali na kitanda, maana nuru yake huichelewesha saa ya mwili, na maneno yake huuchelewesha moyo.

Pili, katika shule na mafundisho. Mtoto akisinzia, aulizwe kabla ya kuadhibiwa: Ulilala wapi? Ulikula nini? Msimu wa kulinda mashamba watoto wengi wanatoka dunguni.

Tatu, kwa wenye kuajiri. Mlinzi wa usiku apewe siku ya kupumzika, na mahali pa kulala mchana. Dereva na nahodha wasisukumwe kuongeza safari. Malipo ya fedha hayalipi usingizi wote, lakini asiyelipa hata fedha asiimbe zaburi juu ya Mlinzi wa Israeli asiyesinzia.

Nne, na hili ni juu yetu wenyewe. Mikesha yetu ya sala ni mizuri. Lakini vipaza sauti vielekezwavyo nje mpaka alfajiri vinamfikia mgonjwa, mzazi, mtoto mchanga, na jirani zetu Waislamu, ambao katika pwani hii ndio wengi, na kesho wana kazi kama sisi. Mungu asikia ijapokuwa vipaza sauti vimezimwa. Tusiwanyime wengine kipawa chake kwa kusudi la kumsifu.

Mtu atauliza: Je, Bwana hakutuamuru kukesha? Alituamuru. Walakini tazameni alivyokesha yeye. Katika Marko, sura ya 4, amelala chomboni katikati ya dhoruba, maana alimtegemea Baba. Na katika Gethsemane amekesha peke yake, na wenziwe wamelala. Alipowakuta hakuwaficha kosa lao, lakini pia alitambua kwamba mwili ni dhaifu, akaenda kubeba mzigo wake pasipo wao. Kukesha kwa Kikristo ni huku: si kujisifu kwa macho mekundu, bali kuwa macho ili mwingine apumzike.

Na habari ya bonde lile iliishaje? Msimu uliofuata wenye mashamba ya nyuma walifanya shauri, wakajenga madungu mawili kando ya mto, wakagawana usiku kwa zamu, na mwanamke yule akapewa zamu moja kama watu wengine. Jumapili tuliyokwenda tena alikaa mbele, akasikiliza mahubiri yote. Mzee aliyetufuata njiani ndiye aliyesinzia, kichwa kikiegemea ukuta ule ule, kwa kuwa usiku ule ulikuwa wake. Tukateremsha sauti kidogo, tukaendelea.

Bwana awape nyote usingizi mwema, na zamu yenu ikifika awape nguvu za kukesha.